Taa ya ukutani iliyomtenga fundi Laurencia na mama aliyemlea

Ni asubuhi ya Julai, ukungu wa Karatu bado haujanyanyuka, na katika chumba cha nyuma cha nyumba inayouzwa, Laurencia Tluway amesimama juu ya ngazi, tester ya kupimia umeme mdomoni, akifunga balbu ya mwisho darini. Chini yake dalali anazunguka na simu sikioni. Wanunuzi wameshafika kutoka Loliondo, wamelala mjini, na wakati wowote watapiga hodi.

"Washa tuone, fundi," anasema dalali huyo, Yohani.

Laurencia anawasha. Chumba kilichokuwa na rangi ya majivu kinachangamka. Pazia la bei nafuu linaonekana zito, sakafu ya saruji inang'aa. Yohani anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

Kisha fundi anashuka, anabonyeza swichi ya pili, ya taa ndogo aliyoifunga ukutani kando ya dirisha. Mwanga unatambaa juu ya ukuta kutoka pembeni. Hapo, kuanzia kona ya dirisha hadi darini, unajitokeza mstari wa kivuli uliopinda kama mshipa.

"Zima hiyo," anasema Yohani, na simu ameiteremsha. "Waonyeshe kwa zile za juu tu."

Mwenye nyumba, Blandina, amesimama mlangoni. Ni mama mdogo wa Laurencia, na ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto wa chekechea.

Hayo ni ya mwaka jana. Laurencia, mwenye umri wa miaka 36, anayasimulia akiwa kwenye kibanda chake nyuma ya stendi ya Karatu, mikono ikiendelea kumenya waya.

Kazi yake si ya kawaida hapa mjini. Mafundi umeme wapo wengi, lakini yeye huitwa hasa na watu wanaouza nyumba. Nyumba nyingi za Karatu zina madirisha madogo kwa sababu ya baridi, hivyo sebule huwa giza hata mchana. Yeye huja na taa za njano, huondoa zile nyeupe zinazofanya kuta zionekane kama za zahanati, hushusha nyingine karibu na meza au kona, na nyumba iliyokaa sokoni muda mrefu hupata mtu. Kwa nyumba moja hulipwa kati ya shilingi laki moja na laki mbili.

"Nilijifunza nikiwa msaidizi wa fundi kwenye hoteli moja ya watalii," anasema. "Niliona wageni hawapigi picha vyumba vyenye taa nyingi. Wanapiga vile vyenye taa zilizokaa mahali pake. Nikasema, kumbe hata sisi wa kawaida tungeweza."

Wengi wa wateja wake waliletwa na Yohani. Kwa miaka kadhaa yeye alitafuta nyumba na wanunuzi, Laurencia akaweka mwanga, na kila mmoja akala jasho lake.

Ndiyo maana Blandina alipotaka kuuza, hapakuwa na haja ya kutafuta mwingine. Mumewe, Piusi, alikuwa ameanguka kutoka kwenye trekta akavunjika nyonga. Hospitali ilisema afanyiwe upasuaji, na familia ilishauza ng'ombe na mahindi. Ilibaki nyumba ya mjini. Wao wangerudi Endabash kwenye shamba lao.

"Mama aliniambia, 'Laure, iangaze kama unavyoangaza za watu. Baba yako analia usiku,'" anakumbuka.

Kabla ya asubuhi ile Laurencia hakujua habari za ufa huo. Ulikuwa umezibwa kwa jipsamu na kupigwa rangi, na kwenye mwanga hafifu wa mchana ukuta ulionekana mzima. Lakini taa ilipouonyesha, aliigusa ile rangi kwa kidole, ikabonyea. Alitoka nje kwa mlango wa jikoni. Korongo ambalo alipokuwa mtoto walilifikia kwa kukimbia mpaka wachoke, sasa lilikuwa limekula njia na sehemu ya bustani. Mvua za masika zilikuwa zimelileta karibu na msingi.

"Mama, huu ufa unatembea," alimwambia Blandina kwa Kiiraqw, ili dalali asielewe.

Blandina alijibu kwa lugha hiyo hiyo: "Najua. Nimelala chumba hicho. Na Piusi je, naye nimwache alale vile?"

Kabla Laurencia hajajibu, hodi ilipigwa.

Mnunuzi alikuwa Lesiamon, mfugaji wa makamo, pamoja na mkewe Naeku, aliyebeba mtoto mgongoni. Walitaka watoto wao wasome Karatu, na Naeku ndiye angehamia kukaa nao. Yohani aliwapitisha sebuleni, wakasifu. Jikoni, wakasifu. Walipoingia chumba cha nyuma, Naeku alisimama katikati akageuka taratibu, uso wote ukiwa umelainika.

"Hapa ndipo watalala watoto," alisema. Akauendea ule ukuta, akaupima kwa mikono. "Kitanda cha juu na chini, kichwa kikae huku."

Laurencia alikuwa amesimama kando ya swichi. Yohani alimkazia macho. Blandina alitazama sakafu.

"Nilijiambia ninyamaze, hii si nyumba yangu. Halafu yule mama akamshusha mtoto mgongoni, akamweka pale chini, kama vile ameshahamia. Sikufikiri tena. Mkono ulikwenda wenyewe."

Taa ya ukutani ikawaka.

Mtu wa kwanza kuuona mstari alikuwa Naeku. Alimnyakua mtoto.

"Hiki ni nini?" aliuliza Lesiamon.

"Rangi tu, mzee," Yohani aliwahi kusema. "Fundi wa rangi hakusawazisha."

"Si rangi," alisema Laurencia. "Ni ufa, mzee. Korongo lipo hapo nyuma. Vyumba vya mbele naona ni vizima, lakini hiki mlete fundi ujenzi akiangalie kabla hujalipa."

Lesiamon alimwambia mkewe maneno machache ya Kimaasai. Wakaaga kwa heshima, wakaondoka.

Yohani naye aliondoka bila kuaga. Blandina alibaki akimtazama mtoto aliyemlea, kisha akasema: "Umeninyonga mchana kweupe, Laurencia." Hakumwita Laure. Tangu siku hiyo hajamwita hivyo tena.

Miezi iliyofuata ilikuwa michungu. Maneno yalienea kwa madalali kwamba yeye ni mtu wa kuharibu biashara. Simu ziliacha kulia. Alirudi kwenye kazi za kurekebisha soketi, na kuna wiki alizomaliza na elfu kumi mfukoni. Kanisani alikaa upande wake, Blandina upande wake.

Lesiamon, hata hivyo, alirudi. Alikuja na fundi ujenzi aliyechimba hadi kwenye msingi, akasema nyumba ya mbele ingefaa iwapo chumba cha nyuma kitabomolewa na ukingo wa mawe kujengwa dhidi ya korongo. Lesiamon akataja bei ya chini sana. Blandina alikataa. Baadaye, maumivu ya mumewe yalipozidi, alikubali, akauza na sehemu ya shamba la Endabash ili kujaza pengo.

Piusi alifanyiwa upasuaji. Leo anatembea kwa gongo.

"Tulipoteza sehemu ya shamba, hilo siwezi kusema halikuniuma," anasema Piusi kwa simu kutoka Endabash. "Lakini wale watoto ningewaona kila nikifumba macho. Mke wangu ana hasira, na hasira yake ina haki. Nami simwingilii."

Laurencia mwenyewe hajidai. Anapoulizwa kama angefanya tena vile, anaweka koleo chini.

"Ningemwambia mama kwanza," anasema. "Ningemwambia, ninaiwasha. Asingeshtukizwa mbele ya watu. Hilo ndilo linaloniamsha."

Kazi zimeanza kurudi polepole. Lesiamon ndiye aliyemwita kuweka umeme kwenye vyumba vipya alivyojenga, na Naeku amemtaja kwa majirani. Kwa Yohani bado ni ukimya.

Kwa sasa anajiandaa kwa safari moja. Nyumba ya Endabash haina umeme, na Piusi amemwambia kwamba Blandina hupika kwa tochi ya simu. Laurencia amenunua sola ndogo, betri na taa za njano. Jumamosi atazipeleka. Blandina, mwenye jiko, hajamwita.

Na asipofunguliwa mlango?

"Nitafunga ya nje, pale barazani," anasema, akikunja waya vizuri. "Hiyo haihitaji mtu aingie ndani."