Kumwachisha Ziwa Binti Yangu

Kliniki niliambiwa ninyonyeshe hadi mtoto afikishe miaka miwili na zaidi. Hiyo "na zaidi" ndiyo iliyoniletea kesi. Binti yangu alikuwa anakimbiza kuku na kuomba ugali mwenyewe, lakini akinikuta popote, sokoni Kibondo au kanisani katikati ya mahubiri, aliniingiza mkono kifuani na kudai "nyonyo" kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Walimu wenzangu walinisema. Mimi ni mtu wa Singida, nimeletwa huku na ajira na kubakizwa na ndoa, kwa hiyo kila nilichokosea kilihesabiwa kuwa cha Singida. Mmoja aliniuliza kama nitamnyonyesha mpaka darasa la saba. Nikacheka nao ofisini, nikafika nyumbani nimenuna. Ubaya ni kwamba mimi mwenyewe sikutaka kuacha. Kutwa nzima nafundisha watoto wa watu na kugombezwa na mwalimu mkuu. Nikirudi, kile kichwa chenye jasho kikilala mkononi mwangu, ndipo napumua. Lakini hilo utamwambia nani? Ukisema mtoto bado mdogo, watu wanakuelewa. Ukisema mama mtu ndiye hajawa tayari, wanaanza kukuombea.

Aibu ikanishinda, nikapaka shubiri. Binti akaonja, akakunja uso, akanitazama kwa masikitiko. Kisha akaenda kuchukua kanga yangu kitandani, akanifuta taratibu, akaendelea kunyonya. Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje.

Habari zikamfikia mama mkwe huko Makere. Yeye hana mzaha: kwao mtoto akikataa kuacha ziwa, anapelekwa kwa bibi mpaka asahau. Akaja mwenyewe. Akaniambia mtoto anayejua kuomba maji hana cha kutafuta kifuani kwa mtu, akambeba mjukuu mgongoni kwa kitenge, wakaondoka. Mtoto alinipungia mkono kwa furaha. Hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Nikabaki na maziwa yangu. Mtoto wa mpita njia akilia tu nje ya darasa, blauzi inalowa. Nikajifunza kufundisha huku nimekumbatia kitabu cha jiografia. Nilijipa moyo kwamba huko Makere analia ananitaka, kisha nikajipa moyo kwamba halii kabisa, na yote mawili yakanitoa machozi. Jumamosi nikapanda gari. Nilimwambia mume wangu nampelekea mama yake sabuni.

Nilipofika nilipiga hodi na kuingia papo hapo, kama mtu asiyefunzwa. Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani uani, blauzi imepandishwa, amempakata binti yangu, na binti yangu ananyonya. Titi hilo lilikauka tangu mume wangu akiwa mtoto, lakini mjukuu alikuwa amefumba macho kwa raha zake.

Mimi nikatazama mahindi yaliyoanikwa. Mama mkwe naye akatazama mahindi. Kwa muda tukawa watu wawili wanaopenda sana mahindi.

"Alilia, mwanangu," alisema mwishowe, akijifunika kitenge. "Nikasema nimtulize kidogo tu."

Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima, nimeipanga njiani. Badala yake nikajikuta namuuliza kwa upole kama ndivyo watoto wanavyoachishwa Makere. Akacheka, halafu kicheko kikamwishia.

"Huyu mume wako alikuwa wangu wa mwisho," alisema. "Mama mkwe wangu alimchukua, akampeleka Nyakitonto, mimi nikiwa bado namtaka. Aliporudi alinisalimia kama jirani."

Nilimwonea huruma sana yule mama, na nilishangaa kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikakaa mkekani karibu naye. Binti akaniona, akaachia la bibi bila kuaga, akanipandia mapajani na kuvuta blauzi. Niliogopa kwamba maziwa yameshakauka. Yalikuja mpaka yakamwagika kidevuni mwake, na mimi nikalia waziwazi, nimechoka kujificha.

Baadaye kidogo nikataka kumtoa, maana aibu haiishi mara moja. Mama mkwe akanishika mkono.

"Mwache," alisema. "Mpe na la pili."