Kapasita Ndani ya Kwapa

Leo Kitengela nimeitwa mwizi juu ya kwapa yangu.

Mnajua ile kinanda ya umeme najitengenezea. Jua ikiwaka, sauti inapanda yenyewe. Shida ni kapasita, kale kadude kadogo ka miguu mbili. Ikiwa mbaya, joto inaisumbua.

Nikaenda kwa duka ya spea ya Abdi kutafuta nzuri. Mimi hupima na kwapa. Hapo joto haikosi.

Abdi akaniona nikiingiza mali yake ndani ya shati.

"Mwizi! Wewe kijana, toa hiyo kitu!"

Watu wote wakageuka. Na mnanijua, mbele ya watu siwezi ongea. Nikanyamaza. Sasa si hata mwizi hunyamaza?

"Mpigeni picha kwanza," mama mmoja mwenye alikuja kununua balbu akasema.

Nikatoa kinanda kwa bag, nikaunganisha kapasita na waya, nikairudisha kwa kwapa. Sauti ikapanda wiiiii, kama mbuzi imekanyagwa.

Nikamwambia Abdi polepole, "Hii ni mbaya."

"Mali yangu ndio mbaya?"

Akachukua ingine, nikaiunganisha, akaifinya kwa kwapa yake mwenyewe. Sauti ikakaa pale pale, haikusonga hata kidogo.

"Wallahi! Si umesikia?"

Watu wakapiga makofi. Yule mama akauliza kama balbu pia hupimwa hivyo.

Nimenunua hiyo ya kwapa ya Abdi. Ni poa kabisa.

Lakini Abdi amebeba maboksi tangu asubuhi.

Wakubwa, kapasita huoshwa na nini?