Ndago ya Mahurunga: siku bwana shamba nilipomwomba mkulima asipalilie

Wakuu, wanaonizidi umri humu shikamooni, ingawa nadhani mmebaki wachache. Wajukuu, marahaba.

Mimi huwa msomaji tu. Juzi kuna jamaa kaanzisha uzi anauliza dawa ya kuua ndago shambani, mkamtajia madawa kibao. Nikacheka peke yangu kwenye kochi mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Nikasema hii lazima niiandike. Ni ya kweli tupu, na kwa umri wangu huu uongo wa nini tena?

Iko hivi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa bwana shamba Mtwara. Kwetu Bukoba, serikali ikanitupa kule nikiwa kijana mbichi, nikapanga chumba Magomeni ya pale pale mjini. Eneo langu la kazi lilikuwa Mahurunga, karibu na Mto Ruvuma, kule unakokaribia kuingia baharini. Ng'ambo ni Msumbiji, na wakati huo Mreno alikuwa bado yupo, vita inaendelea. Tuko majarubani, kwenye vishamba vya mpunga, tunasikia milio ya bunduki, tunaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa palizi. Nilihubiri palizi mpaka koo likakauka. "Jaruba lenye magugu ni aibu ya mwenye jaruba!" Adui namba moja nilimtaja kwa jina: ndago. Nilimtaja sana mpaka akina mama wakanibandika jina lake. Nikitokea tu, utasikia: "Bwana Ndago yuaja, kina mama, inukeni!"

Sasa msimu mmoja akaja dada kutoka Dar, anaitwa Perpetua. Mtaalamu wa mimea, mwembamba, mpole, kioo cha kukuzia kakining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Ofisi ikaniambia nimzungushe. Nikadhani anatafuta miti ya dawa. Wapi! Kumbe kafuata ndago. Nilicheka, na yeye akanitazama tu mpaka nikaacha.

Nilimzungusha majaruba yote. Alipofika kwenye jaruba la Mama Fidelisi, mama wa makamo aliyekimbia vita ng'ambo na wanawe, akachuchumaa kwenye kona moja ya chini, ile inayofikiwa na maji ya chumvi wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana. Pale palikuwa na vijani vifupi, havizidi shibiri, vichwa vyeusi vinavyoelekea zambarau. Akasokota bua kwa vidole, akanipa na mimi.

"Sikia, kaka. Pembe tatu. Ni jamii ya ndago hii. Lakini hii siijui."

"Mimi naijua," nikamwambia. "Magugu."

Hakucheka. Alishatoa daftari anaandika, wakuu. Serious.

Nikaja kuelewa baadaye. Wakubwa wake walishamwambia kuwa kipande alicholetewa kutoka Mahurunga msimu uliopita, ambacho hakikuwa na mbegu, ni ndago ya kawaida tu iliyodumaa kwa chumvi. Ndago za jamii hiyo zinafanana kupita kiasi, kinachozitenganisha ni punje iliyokomaa, na mmea uwe mzima na mzizi wake. Bila punje hakuna atakayekubali kwamba ni mpya. Na vichwa vya pale kwa Mama Fidelisi vilikuwa bado vichanga. Kwa hali ya mpakani, kibali cha kurudi msimu mwingine hakuwa na uhakika nacho. Ni hapo au basi.

Tukajaribu kuchimba mzizi ule. Ukakatika kwenye tope. Tukajaribu tena, ukakatika.

Ikabidi nifanye jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Nikamwendea Mama Fidelisi, mimi Bwana Ndago mwenyewe, nikamwomba asipalilie kona ile mpaka punje zikomae.

Alinitazama juu mpaka chini. "Akaa! Bwana Shamba, una homa?"

Nikamweleza. Perpetua naye akamshika mkono, akambembeleza. Mama akaguna. Kumbukeni mpunga ndio chakula cha wanawe, na magugu yakishamwaga mbegu, msimu ujao anayevunjika mgongo ni yeye, si sisi. Mwisho akasema, "Haya, mwanangu. Kwa ajili yako. Huyu bwana wala simwelewi." Kona ikaachwa.

Basi bwana. Punje zikiwa zimekaribia kukomaa, mjukuu wa Mama Fidelisi akashikwa na degedege. Tukampakia yeye na bibi yake kwenye Land Rover ya ofisi, tukawakimbiza hospitali mjini. Mtoto akapona, alhamdulillah, naandika hivyo ingawa mimi Mkristo, Mtwara ilinifundisha. Tukarudi wote, Perpetua naye yumo garini na mbao zake za kukaushia mimea.

Tunafika, tunasikia nyimbo.

Wanawake wa kijiji wamejipanga kwenye kingo za jaruba la Mama Fidelisi, tope mpaka magotini, nyuso zinang'aa. Kule wanalimiana, leo kwako kesho kwangu. Wameona mwenzao kaondoka na mgonjwa, jaruba lina kona chafu, wakaona huruma. Kiongozi wao, Bi Somoe, akanijia mikono wazi.

"Bwana Shamba, umeona? Hata ndago moja haijabaki! Si ndivyo unavyotaka?"

Wakuu, ningewalaumu? Watu wametenda wema, na wema wenyewe nimewafundisha mimi. Kona ilikuwa nyeupe kama sakafu. Perpetua akakaa chini pale pale kwenye tope, mbao zake mapajani. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama Fidelisi ndiye aliyeuliza. "Mlichong'oa mmekitupa wapi?"

Wakaonyesha. Lundo kubwa la magugu juu ya tuta, limepigwa na jua, kila aina imo humo. Perpetua akanyanyuka mbio.

Akaanza kuchambua, shina moja moja, anasokota, anatupa. Nikaingia na mimi. Bi Somoe kusikia kisa chote akashika kichwa, "Yalaa, tumeua!", kisha akakaa na kundi lake lote. Akina mama wakafundishwa kusokota bua, wakacheka, wakashindana. Jua likatupiga, tukala mihogo ya kuchoma hapo hapo, tukaendelea.

Na pale kwenye uchafu ndipo tulipoupata mmea wetu. Mzima. Jembe la Bi Somoe na wenzake lilipita chini kabisa, likanyanyua kile ambacho sisi tulikuwa tunakikata: kizizi chembamba kama uzi, na mwisho wake kitunguu kidogo mno. Juu, kichwa kimekauka, kahawia. Perpetua akakifikicha juu ya kiganja, akapuliza makapi.

Zikabaki punje. Mimi niliona vumbi tu.

Akanipa kioo.

Nimeona mengi maishani, nimefika nchi za watu. Sijaona tena kitu kama kile. Kila punje ilikuwa na pembe tatu, inang'aa, na mwilini vishimo vimepangwa mstari kwa mstari kama kofia iliyoshonwa kwa mkono. Nani alikaa akashona vile? Kwa ajili ya nani? Miaka yote naamuru vitu hivi ving'olewe, na sikuwahi kuinama.

Kioo kikazunguka. Bi Somoe alikaa nacho muda mrefu, akakirudisha kwa mikono miwili. "Subhanallah," akasema.

Perpetua akaondoka na mimea kumi hivi, imebanwa kwenye magazeti. Akailinganisha na iliyokaushwa Dar, kisha ikapelekwa Ulaya ikalinganishwa na ya dunia. Msimu uliofuata, kibali akapata, akaja mwenyewe. Nilimwona anashuka garini nikajua.

Ni mpya. Wakubwa walikubali. Maelezo yake yalibidi yaandikwe kwa Kilatini, ndio utaratibu wa wakati huo, akawasomea akina mama kwa Kiswahili: bua pembe tatu, kichwa zambarau, punje yenye vishimo, hukua pembezoni mwa majaruba, Mahurunga. Waliposikia Mahurunga wakapiga vigelegele.

Mama Fidelisi hakupiga. Akauliza, "Mwanangu, na kwingine huyu ndago yuko wapi?"

"Hatujamwona popote, mama. Labda ng'ambo, lakini kule hatuwezi kwenda kutazama. Tunapopajua ni hapa tu."

Mama akatazama upande wa mto.

"Mie nina kwetu, ipo siku nitarudi," akasema. "Huyu akifukuzwa hapa atakwenda wapi?"

Kona ile haikupaliliwa tena. Wala sikumwomba mimi.

Msumbiji ilipopata uhuru, Mama Fidelisi akafungasha na wanawe akavuka. Jaruba akamwachia Bi Somoe, na sharti lilikuwa moja tu, mnalijua.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujang'oa, inama kwanza utazame. Ni hilo tu, sina falsafa.

Mimi nilihamishwa, sikurudi. Kama kuna mkuu humu wa Mahurunga, nakuomba ushuke majarubani, kona ya chini inayofikiwa na chumvi. Sokota bua kwa vidole, uniambie hapa kama bado yupo.