Chipu ya Kifuniko cha Dhahabu

Kilichonitoa Kisangani kilikuwa kidogo kama punje ya karanga. Kule Yangambi, kwenye kituo cha hali ya hewa, radi ilikuwa imeua chipu ya mashine ya kupima joto, ile inayogeuza umeme wa kipimajoto kuwa namba. Nyingine iliagizwa Ulaya, tukaingojea miezi minane. Mimi ndiye fundi. Nikaifunga kwa karatasi ya fedha ya sigara, nikaitia mfukoni.

Bandarini, asubuhi, askari alinipapasa, akaifungua. Kifuniko chake kilimetameta.

"Citoyen, hii iko zahabu!"

"Ni ya kupaka tu, chef. Iko kitu ya mashine."

Akaibana, akaikwaruza, mwisho akaniachia. Miguu myembamba ya chipu ilikuwa imepinda. Niliinyoosha ndani ya mtumbwi wa mota, nikimlaani kimoyomoyo njia nzima.

Yangambi, jioni. Alinipokea Papa Asumani, mzee wa Maniema aliyekuwa akisoma vipimajoto vya kituo kwa macho yake na kuandika daftarini. Tulikula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Wajukuu wake wanne walikula nasi; mshahara wake ndio uliowalisha.

Kesho yake nilipachika chipu. Saa tatu mkuu wa kituo akaja. Mashine ilisema 29, daftari 25.

"Fundi, nani iko juste?"

"Mashine, chef. Mpya kabisa!" Kiburi hicho!

"Basi Papa, daftari yako iko bongo, inadanganya. Kesho ni siku yako ya mwisho."

Alipotoka mkuu, Papa akaniambia, "Mon fils, kesho ukae na mimi tangu alfajiri. Ni hiyo tu naomba."

Alfajiri tukakaa. Ishirini na mbili, ishirini na tatu: tulikubaliana. Papa aliposoma 24, mashine ikaruka 28. Yeye 27, mashine 31. Jua likazidi, Papa akasoma 28, na mashine, lo, ikashuka 28!

"Bon, fundi. Jua inapanda, joto inashuka? Hiyo jua ya Ulaya iko namna gani?"

Nikaifungua mashine. Chipu huhesabu kwa miguu: mmoja hubeba moja, mwingine mbili, mwingine nne. Nikaitazama kwa karibu. Ule unaobeba nne ulikuwa umejikunja chini ya tumbo, haugusi kitu, na mashine ilijiongezea nne kila namba isiyokuwa na ile nne ndani yake; 22, 23 na 28 tayari zilikuwa nayo.

Ningeweza kusingizia radi. Niliwaza hivyo, sikatai. Lakini niliwakumbuka wale wajukuu wanne, nikaenda kwa mkuu.

"Chef, mwenye kosa ni mimi. Daftari iko kweli."

Mkuu akakohoa. "Basi Papa abaki. Asome pamoja na mashine."

Siku ya kurudi Papa alinisindikiza mpaka mtoni, daftari kwapani. Tangu hapo siamini chipu kabla sijaikagua miguu yote, hata ikitoka mbinguni. Pale mtoni nilimwomba Papa nione ukurasa wa siku ile ya aibu. Alikuwa ameandika 25 yake, na 29 yangu kando yake, bila kuifuta. Pembeni aliongeza: "Fundi alichoka na safari."