Waliniita Daktari Kabla ya Matokeo

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, huwa naacha kukanyaga cherehani. Ilikuwa Jumamosi, kwetu Goweko, mwaka ule niliomaliza kidato cha sita. Marehemu baba yangu, Mzee Maganga, alichinja mbuzi, akaita majirani, akaita ndugu wa kutoka Lusu, akamwita mpaka mwenyekiti wa kijiji ambaye walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Yote hiyo kwa sababu yangu, na matokeo yalikuwa bado hayajatoka. Wewe cheka tu, lakini leo hii ninyi mnafanya hivyo hivyo, tena na keki juu.

Baba alikuwa mkulima wa tumbaku. Shule aliishia darasa la nne, na mikono yake ilinukia moshi mwaka mzima, maana tumbaku hukaushwa kwa moto ndani ya bani, na mwenye bani hukesha nalo kama anauguza mgonjwa. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Nilikuwa nimesoma fizikia, kemia na baiolojia, basi kwa hesabu ya baba hapo hapakuwa na la kuuliza. Watu walipokwisha kula akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Ndugu zangu, huyu mmezoea kumwita Kalunde. Kuanzia leo mwiteni Daktari."

Vigelegele hivyo! Shangazi zangu walivipiga mpaka mbwa wakatoka mbio. Nami nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza kama nautaka huo udaktari, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nilipenda kuitwa tu.

Sasa pale kulikuwa na mama mmoja, Bi Mwamvua, Mzaramo, mumewe akifanya kazi pale stesheni yetu. Unajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakibeba mizigo kwa miguu kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani, wakipita kwao. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, na wewe huna ruhusa ya kununa. Bi Mwamvua akainuka na mfupa mkononi, alikuwa mlaji yule mama, Mungu amrehemu, akapaza sauti.

"Jamani Wanyamwezi! Mzigo hamjafunga, mmeshaanza kuimba kuwa mmefika Bagamoyo! Kanzu inakatwa, mwana hajazaliwa! Haya wee Daktari, na huko wakikukatalia utakwenda wapi? Una njia nyingine, au utarudi kumpima baba'ko mapigo ya moyo humu humu bani?"

Watu walicheka hadi machozi. Baba alicheka kuliko wote. Mimi nikanuna, tena nikasema kwa sauti ya kusikika, "Wivu tu huo, kwa kuwa wako hawakufika hata sekondari." Kicheko kikakatika pale pale. Bi Mwamvua alikaa, akaendelea kula taratibu. Wageni walipotawanyika baba akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, mtani hanuniwi. Kesho nenda kamwombe radhi." Sikwenda.

Toka siku ile sikuwa na jina jingine. Nikienda kisimani, watoto, "Shikamoo Daktari." Nikipita dukani, wazee, "Daktari mwenyewe huyo!" Mtu akijikata kwa jembe, ananionyesha kidonda, nami nakitazama na kutikisa kichwa kana kwamba najua kitu. Miezi yote ile ya kusubiri matokeo sikumuuliza mtu yeyote chochote: vyuo viko vingapi, vinataka nini, na ukikosa hiki unaomba kipi. Ningeulizaje, na mimi Daktari?

Matokeo yakatoka. Nilifaulu, ila si kwa kiwango cha udaktari. Mwalimu wangu wa baiolojia, mtu mwema sana, akaniita mjini Tabora. Nikapanda treni, nikafika kwake, nikamkuta ameketi na Rehema, mwenzangu tuliyekaa dawati moja miaka miwili. Matokeo yetu yalikuwa sawa. Mwalimu akasema, "Chuo cha uuguzi kitawachukua ninyi wawili, nimeshazungumza nao. Masomo yanaanza mwezi ujao. Mkitaka kujiendeleza baadaye, njia ipo. Mnasemaje?"

Rehema alikubali papo hapo. Mimi nikajiona nashuka stesheni ya Goweko, watu wananiuliza, "Vipi, Daktari?" nami nawajibu, "Nesi." Kwa ujinga wangu niliona huko ni kushuka. Nikamwambia mwalimu kuwa nitarudia mtihani. Akanitazama sana, akaniuliza, "Baba yako anajua kama nafasi hii ipo?"

"Anajua," nikasema, na ulikuwa uongo mtupu. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kenda ilikuwa kiganjani mwangu, mwanangu, na mimi nikafumbua vidole nikaiachia.

Nyumbani nikamwambia baba nusu. Nilisema udaktari haukutosha, nitarudia. La uuguzi nikalimeza. Wala hakukasirika. Akasema, "Sawa, Daktari. Mtu huanguka, akainuka," na msimu ule akapanua shamba ili nipate vitabu na nauli. Shamba likikua na moshi wa bani unakua, na kifua chake kilikuwa kimeshaanza kulalamika. Sisi wote tulimsikia akikohoa. Tulizoea.

Nikarudia mtihani. Hebu niambie, kemia ya vitendo unaifanyia wapi kijijini, kwenye sufuria ya uji? Matokeo yakaja mabaya kuliko ya kwanza. Nikarudia tena, yakawa yale yale. Na wala jina halikunitoka, lilizidi kuniganda. Nikawa nakwepa watu. Nikimwona Bi Mwamvua anakuja njiani, nakata kona.

Mwaka wa tatu kifua kikamlemea baba, tukampeleka hospitali Tabora mjini. Asubuhi moja nimekaa kando ya kitanda chake, akaingia nesi na gauni jeupe lililopigwa pasi vizuri, anasukuma kigari cha dawa. Nikatamani ardhi inimeze. Alikuwa Rehema.

Alimpitishia baba mkono nyuma ya shingo, akamwinua, akampa dawa, akamtengenezea mto, huku akimsemesha polepole. Na baba, ambaye tangu jana yake alikuwa akigombana na kila anayemgusa, akatulia kabisa.

"Wabeja, nesi," akamshukuru kwa Kinyamwezi. Kisha, kama kawaida yake, akaninyooshea kidole. "Huyu binti yangu naye ni wa mambo yenu haya haya. Ni Daktari huyu."

"Namjua, baba," Rehema akasema huku anacheka. "Tulikaa dawati moja. Hata nafasi ya chuo tulipewa siku moja, yeye akaiacha. Nikajua kapata pakubwa zaidi."

Hakuwa na nia mbaya, maskini. Alidhani nyumbani wanajua. Akasukuma kigari chake akaenda kitanda cha pili, akaniacha na baba yangu.

Baba akanigeukia. "Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu. Ulishaniita Daktari mbele za watu."

Alikohoa, akapumzika, akakohoa tena. Halafu akasema, "Mimi nililitamka kwa furaha tu, mama. Nilikuwa nimeshiba. Ungeniambia limekushinda, ningekuita Kalunde. Si ndilo nililokupa mwenyewe siku uliyozaliwa?"

Nililia, na yeye badala ya kunigombeza akanipapasa kichwa kwa mkono ule ule wenye harufu ya moshi. Ningemshukuru kama angenichapa. Miaka mitatu nilikuwa nimelibeba lile jina nikidhani namlindia baba heshima yake, kumbe yeye angelishusha siku ile ile, kwa neno moja, akaendelea na ugali wake. Na moshi alioongezea kifua chake, aliuongeza kwa ajili ya kitu nilichokuwa nimeshapewa bure nikakikataa. Hilo, mwanangu, ndilo lisilonitoka.

Hakurudi Goweko akiwa hai.

Msibani watani wana kazi yao, kuwachekesha wafiwa wasimalizwe na huzuni. Bi Mwamvua alikuja amevaa kofia ya marehemu, akajilaza kando ya kaburi, akadai apewe jogoo, la sivyo Mnyamwezi wake hazikwi. Alimtania baba kwa ubahili wake, akawatania shangazi zangu, akanitania mimi hadi pua yangu. La udaktari hakuligusa. Jirani hawakosi kuambiana, alikuwa anajua kila kitu, na hakuligusa. Siku ya tatu nikaenda nyumbani kwake kuomba ile radhi niliyoagizwa na baba. Akaniambia, "Hayo? Nilishayasahau kabla sijamaliza ule mfupa," akanisogezea sahani ya muhogo. Nilikula huku machozi yananidondoka.

Nyuma yangu nilikuwa na wadogo wanaotaka kula na kusoma, kwa hiyo habari ya chuo ikaishia hapo. Nilikuja mjini nikajifunza kushona barazani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa, na mpaka leo nakula kwa sindano. Kazi hii siitukani. Imesomesha wadogo zangu, imejenga hii nyumba ya hapa Ipuli. Lakini sikuichagua, ilinikuta tu nimekaa. Rehema alijiendeleza kama mwalimu alivyosema, na nikipita karibu na hospitali ile asubuhi, nikawaona wale mabinti wanaingia zamu na magauni yao meupe, bado nasimama kuwatazama mpaka wa mwisho wao aingie. Majuto hayazeeki, usidanganyike.

Na sasa Mungu ana mambo yake, ninyi wa kidato cha sita mnakuja kwangu kupimwa majoho ya mahafali. Nawapitishia futi begani nawauliza, "Baada ya hapa?" Mnanijibu neno moja. "Udaktari." "Uhandisi." "Sheria." Nikiuliza, "Na ukikosa?" mnaruka kama mmekanyaga kaa la moto: "Aa, bibi, usituloge bwana!" Siwalogi. Mimi naijua sauti hiyo, niliwahi kumtolea Bi Mwamvua.

Basi nisikilize, mwanangu. Miezi hii ya kusubiri usiikae bure. Mtafute mtu anayeifanya kazi unayoitaka, umwulize siku yake inakwendaje na inamchosha nini, ujue kama ni wewe unaitaka kazi hiyo au ni masikio yako. Ulizia na vyuo vya pembeni yake, vya ufundi, vya afya, vya kilimo, vya ualimu, na ulizia mapema, maana mlango wa chuo haumsubiri mtu amalize kununa. Halafu uwe na njia ya pili, lakini uwe umeshaitamka nyumbani kwa mdomo wako. Njia unayoionea aibu hutaipita hata ukifunguliwa, mimi nilifunguliwa. Ukipewa kidogo, kaseme kuwa umepewa. Mficha uchi hazai. Na mtu akikuuliza swali kwa mzaha likakuchoma, usimjibu haraka, nenda nalo ukalale nalo, kwa sababu swali lisilo na kitu haliumi.

Nanyi wazazi mnaosubiri hapo nje joho likamilike, msijifanye hamsikii. Mpongezeni mtoto, mchinjieni hata ng'ombe, lakini msimtangaze kwa watu kabla hajajua mwenyewe anakwenda wapi. Mkimwona amenyamaza mno baada ya matokeo, mwulizeni kwa upole amepewa nini, msiishie kuuliza amekosa nini. Baba yangu hakuniuliza swali hilo, na simlaumu, maana nilimjibu kabla hajauliza.

Haya, nikuombee. Mwenyezi Mungu akufungulie lile unalolitaka. Na asipolifungua, akujalie ulimi wa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo na kusema, "Baba, mama, lile nimelikosa, lakini nimepewa hili." Na akukutanishe na mzazi wa kukujibu, "Karibu, mwanangu, nawa mikono tule." Wangu angenijibu hivyo hivyo, ila sikumpa nafasi. Nenda salama, na Mungu akutangulie.