Watu Wawili, Ubongo Mmoja

Nianze kwa kujisifu, mtanisamehe.

Mimi ni msafi. Si wa kuoga tu, hata wa kazi. Mafaili mia tatu na kumi na mawili yamepita mikononi mwangu, na hakuna hata moja lenye doa.

Sasa tulieni niwasimulie siku ambayo watu wawili walikutwa na ubongo mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye maabara ya kupima mawimbi ya ubongo. Mtu anakaa kwenye kiti, anavishwa kofia yenye waya kibao, halafu kompyuta inachora mistari ya kupanda na kushuka.

Mistari hiyo ilihifadhiwa hovyo hovyo. Kila chumba na mtindo wake. Huku mtu kaandikwa "mgonjwa wa Jumanne", kule "yule mrefu". Kazi yangu ilikuwa kuyafanya mafaili yote yaseme lugha moja: namba ya mtu, siku, nani alimpima, waya gani ulikaa wapi. Ukikosea, programu inakupa alama nyekundu. Ukipatia, kijani.

Mimi nilikuwa mfalme wa kijani.

Kilichonishinda ni vichwa.

Jamani, vichwa! Ili mawimbi yapite, lazima usukume jeli chini ya kila kidude cha kofia mpaka iguse ngozi. Jeli ya baridi, inateleza kama kamasi. Inachanganyika na mba, mafuta ya nywele, jasho la wiki nzima. Kofia ikivuliwa inachuruzika.

"Hivi mnakulaje baada ya hapa?" niliuliza siku ya kwanza.

"Kwa mdomo," akajibu Waya.

Waya ndiye mpimaji. Tulimwita hivyo kwa wembamba wake. Kofia zikishachafuka zinateremshwa kwa Bi Kofia, mama wa makamo mwenye sinki lake uani na mswaki wa kusugulia. Mimi nikipita pale naziba pua.

"Pita upesi, bwana harusi," alikuwa akinitania. "Usije ukachafuka."

Basi, asubuhi moja Dokta, mkuu wetu, akatuita sote watatu chumbani kwake. Uso hauna hata chembe ya utani.

"Mke wa yule mwashi yuko nje," alisema. "Mume wake ana tatizo la kuanguka na kupoteza fahamu. Tulimpima, tukamwambia kichwa chake kizima. Akarudi kupanda ngazi zake. Jana alianguka kutoka ghorofa ya kwanza. Yuko wodini, bega limevunjika."

Akavuta kompyuta yake karibu.

"Nikafungua faili lake, namba thelathini na moja. Nikalilinganisha na mengine, maana sasa yote yako kwenye mtindo mmoja." Akageuza kompyuta. "Tazameni."

Namba thelathini, mwalimu wa chekechea. Namba thelathini na moja, mwashi. Mistari yao imepangwa juu na chini. Mmoja akipepesa jicho, na mwenzake anapepesa. Mmoja akimeza mate, na mwenzake anameza. Dakika ishirini nzima!

"Hata pacha hawapepesi hivi," Dokta akasema. "Kuna mtu kanakili kichwa cha mwalimu, akambandika mwashi."

"Kinyaa gani hiki!" nikaropoka. "Mtu mwenye roho anafanyaje uchafu kama huu?"

Dokta akasoma fomu. "Mpimaji: Waya."

Waya akaruka. "Dokta! Mwalimu nilimpima mimi, asubuhi. Mchana nilikwenda kung'oa jino. Nilimwachia huyu hapa amalizie."

"Mimi?" nikacheka. "Mimi mtu wa kompyuta. Hiyo jeli yenu kila mtu anajua siwezi hata kuitazama."

Na kweli, kila mtu alikuwa anajua. Dokta akamgeukia Waya.

"Fomu inasema wewe."

"Na hili pengo linasema nini?" Waya akapanua mdomo.

"Pengo halina tarehe, kaka," nikamwambia.

"Waya," Dokta akasema taratibu, "kama huna la zaidi, leo ndiyo mwisho wako hapa."

Waya akashika kichwa. Ana watoto watatu yule.

Hapo ndipo Bi Kofia, aliyesimama mlangoni, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Naomba niseme, Dokta. Siku ya jino la Waya naikumbuka, shavu lilivimba kama andazi. Siku hiyo ziliteremka kofia mbili. Ya asubuhi ilijaa jeli, kama kawaida. Ya mchana ilikuwa kavu. Vumbi la saruji kila tundu, lakini jeli hata tone."

"Saruji bila jeli?"

"Maana yake mwashi aliivaa, ila hakupimwa. Bila jeli hakipiti kitu. Hata mimi mwosha kofia najua."

"Nani alikuletea?"

Bi Kofia akasogea katikati ya chumba. Alinyoosha mkono mbele, akabana hewa kwa vidole viwili kama aliyeshika panya mfu kwa mkia, akageuzia uso pembeni, akakunja pua.

Waya ndiye aliyeanza kunigeukia.

Duniani kuna mtu mmoja tu anayebeba kofia hivyo.

Ndiyo. Ni mimi.

Mwashi alikuja moja kwa moja kutoka kazini, nywele zimegandamana kwa saruji na jasho. Nilipoinama na jeli, harufu ikanirudisha nyuma. Nikamtegeshea kofia kavu, nikamkalisha dakika ishirini.

"Tumemaliza, mdogo wangu?"

"Tumemaliza, kaka. Kichwa safi."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Nikaificha yangu mfukoni.

Jioni nikanakili faili la mwalimu, nikalihifadhi kwa mtindo wa chumba kingine ili yasifanane. Jina la mpimaji nikajaza la Waya, kama nilivyozoea kwa fomu zote. Baadaye hata programu ikanipa kijani. Inakagua kama fomu imejaa, haikagui kama mtu ana haya.

Halafu miezi ikapita, na ni mimi, kwa mikono yangu safi, niliyeyanyoosha mafaili yote mpaka uongo wangu ukasimama bega kwa bega na ukweli.

Mwashi alipimwa upya na Waya, kitandani. Mistari yake ilichongoka kama miiba, dalili ya kifafa. Dawa ameanza.

Mimi nilifungasha siku ileile. Nilipita uani kuaga, nikampa Bi Kofia mkono.

Akautazama. Akarudisha wake kwenye sinki, ndani ya jeli na nywele za watu.

"Hapana, bwana harusi. Nitachafuka."

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkikutana na mtu anayeziba pua kila kona, msihangaike kunusa chumba. Mnuseni yeye.