Lori Lililomleta Mama

Nilimwacha mzee wa kanisa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, nikatoka mbio barabarani na kiwembe mkononi. Saa nane mchana huo alikuwa anamwoza binti yake. Mpaka leo tukikutana ibadani ananisalimia kwa kidevu tu.

Sikuwa nimechanganyikiwa, ingawa ndivyo mke wangu alivyowaeleza majirani. Lilikuwa limepita lori la zamani, Bedfodi yenye pua ndefu na taa za mviringo, la aina ambayo nilishakata tamaa ya kuiona ikitembea.

Kibanda changu cha kunyolea kipo Mpanda, na mlango wake unatazamana na barabara. Hilo ndilo kosa la kwanza. Likipita gari la zamani, mimi siko tena kazini. Nina daftari ninamoyaandika magari hayo. Humo imo Pijo ya Kibaoni iliyokuwa imebeba nguruwe watatu kiti cha nyuma. Imo Landrova isiyo na milango niliyoikuta Majimoto ikivutwa na maksai wanne, nami nikakaa nikijiuliza kama gari linalokula majani linahesabika. Siku nyingine nilisikia muungurumo, nikawatangazia wateja kwa sauti ya mtaalamu kwamba hiyo ni injini ya Landrova ya miaka ile, hazitengenezwi tena. Tukatoka wote kwenda kuiona, tukaikuta mashine ya kukoboa mpunga. Na mtaalamu mwenyewe gari sina, leseni sina, na baiskeli ninayoendesha ni ya shemeji.

Ila lori lilikuwa jambo jingine. Mama yangu aliletwa huku kutoka mpaka wa Burundi akiwa mtoto mdogo, yeye na mama yake, bibi yangu, nyuma ya lori la wakimbizi. Bibi alifariki kabla hawajavuna mahindi yao ya kwanza. Hatuna picha yake, na kaburi lake lilishamezwa na mashamba. Kwa akili yangu, kitu pekee nilichoweza kumtafutia mama katika maisha yale ni lori lenyewe, aliguse, aseme ndilo. Na macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Daktari alishatuambia la kushoto halitarudi, na la kulia tusilitegemee sana. Kwa hiyo nilikuwa na haraka.

Nilikuwa nimemhoji mama kama polisi.

"Mama, lilikuwa na pua ndefu?"

"Ego," alijibu. Ni "ndiyo" ya Kirundi, na mama humjibu hivyo kila mtu, kuanzia mchungaji hadi muuza vyombo, ndiyo maana ana ndoo saba.

"La kijani?"

"Ego."

"Taa za mviringo?"

"Ego, mwanangu."

Nikayaandika yote kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Siku ile ya kiwembe nilirukia bodaboda nikalifuata lile lori hadi Kasokola, ambako lilikuwa limesimama linapakia mahindi. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu. Sikumsalimia mtu. Nilienda moja kwa moja kwenye bodi nikakwangua kidogo kwa kiwembe, na chini ya buluu nikaona kijani. Machozi yalinitoka, sioni sababu ya kuficha.

"Broo, mbona unaikwangua gari ya watu?" dereva aliniuliza.

"Lori hili ndilo lililomleta mama yangu."

"Mama yako alikuja na mahindi?"

Nilimweleza mpaka wapakiaji wakatua magunia kusikiliza. Dereva akakuna kichwa. Alisema Jumapili angepita Mpanda akienda Majimoto kufuata mpunga, angesimama mbele ya nyumba ya mama dakika tano. "Ila kile kiwembe usije nacho," alisema.

Jumapili baada ya ibada nusu ya mtaa ilikuwa pale, kwa sababu nilikuwa nimewatangazia. Hata mzee wa kanisa alikuja, amevaa kofia. Lori liliposimama nilitoa hotuba. Nilieleza kuhusu pua, nikaeleza kuhusu taa, nikaonyesha nilipokwangua. Kisha nikamshika mama mkono, akalizunguka polepole akilipapasa, hadi nyuma.

"Mama, ndilo?"

Nilisubiri "ego". Haikuja.

"Sijui, baba," alisema. "Lori mimi sikuliona."

"Lakini ulisema lina pua! Ulisema la kijani!"

"Wewe ndiye ulisema. Nikaona unafurahi."

Nyuma yangu mtu alicheka, akanyamazishwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kwanza nilimkasirikia mama, kisha nikakumbuka maswali yangu moja baada ya jingine. Hakuna hata moja ambalo sikuwa nimelijibu mwenyewe.

"Walitupakia usiku," mama alisema. "Halafu njia nzima mama alinifunika na kitenge chake, vumbi lisiniingie. Nilikuwa naona miguu yake tu."

Nikamuuliza swali ambalo halikuwa na gari ndani yake.

"Ilikuwaje, miguu ya bibi?"

Mama alirudi mlangoni, akatafuta kizingiti kwa mkono, akakaa.

"Mipana," alisema. "Kidole cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake. Nikilia, ananikanyaga kidogo, taratibu, nijue yupo."

Dereva alipiga honi. Dakika tano zilikuwa zimekwisha. Injini ikawaka. Mimi niliyemwacha mzee wa watu na nusu kichwa kwa ajili ya lori hilohilo, nililisikia likigoma kuingia gia ya pili, likakubali, likapita nyuma ya mgongo wangu kuelekea Majimoto. Sikugeuka. Nilikuwa nimeketi chini mbele ya mama, nimevua viatu, naye ameinama na jicho lake moja, anakishika kidole changu cha mwisho, kile kilichopanda juu ya mwenzake.